Bi Nguchiro na Gawio la Nyumba Mama

Hapo zamani za kale, wanangu, zamani zile mkia wa kanga ulikuwa mrefu na fisi alikuwa akioga kila asubuhi, kilikuwapo kijiji kimoja kiitwacho Mteremko. Mnacheka? Mimi mwenyewe sikumwona fisi akioga. Nasimulia nilivyosimuliwa.

Kijiji hicho kilikuwa upande mmoja wa korongo. Upande wa pili palikuwa na kilima cha mawe, na ndani ya mawe pango, na ndani ya pango chemchemi. Maji yake baridi, matamu, ukinywa unafumba macho.

Mzee Tembo, alipokuwa kijana, aliangusha miti ya mivumo kwa kichwa chake, akayatoboa magogo ndani kwa pembe, akayalaza moja baada ya jingine kutoka pangoni, yakavuka korongo mpaka kijijini. Likawa bomba. Chururu, chururu, maji yakafika. Kila nyumba iliyoteka ilitoa kibaba kimoja cha mtama kila siku ya gulio.

Basi Mzee Tembo akaona, "Ala! Kumbe maji yanaota mtama!" Akaanzisha nyumba kubwa, akaiita Nyumba Mama. Kwa nini Mama, na mwenyewe ni baba? Wengi waliuliza hivyo, ila waliuliza akiwa mbali.

Nyumba Mama ilikuwa na tanzu tatu, kama mti wenye matawi matatu. Utanzu wa kwanza ulikuwa shamba la miwa, chini ya Kiboko. Wa pili ulikuwa kikundi cha ngoma, chini ya Nyani. Wa tatu ulikuwa maji, na huo uliangaliwa na Bi Nguchiro.

Nguchiro mnamjua? Kamnyama kembamba kama mwiko, kenye mkia wa manyoya na miguu isiyojua kutulia. Asubuhi yuko pangoni anatoa majani kwenye bomba. Adhuhuri yuko korongoni anaziba nyufa. Jioni yuko kijijini, mlango kwa mlango, "Hodi! Maji yamefika? Yana matope? Hayana? Haya, kwaherini."

Kila mwaka baada ya mavuno, tanzu zote zilipeleka faida zao Nyumba Mama. Faida hiyo waliiita gawio. Siku ya gawio ilikuwa sherehe kubwa, na aliyepokea vikapu mlangoni alikuwa Fisi, mtunza ghala.

Mwaka huo ninaousimulia, Kiboko alifika wa kwanza, mikono mitupu, tumbo limetangulia.

"Shamba la miwa limeleta nini?" akauliza Mzee Tembo.

"Mzee, mwaka huu mvua haikutuhurumia," Kiboko akasema. Akapangusa kidevu. Kidevu kilikuwa kinanata.

"Pole sana, mwanangu. Kaa, ule."

Akaja Nyani na wapigaji wake. "Mzee, tumepiga ngoma vijiji saba! Tumeshangiliwa, we! Watu walilia kwa furaha!"

"Na mmeleta nini?"

"Tumeleta sifa, Mzee."

"Sifa ni kitu kizuri. Kaa, ule."

Mwisho akafika Bi Nguchiro. Anasukuma, anavuta, anahema. Kikapu kimoja cha mtama. Akarudi. Kikapu cha pili. Akarudi. Alikwenda na kurudi mpaka vikapu vikawa arobaini, na mkia wake ukawa umejaa vumbi kama ufagio.

Fisi akapanda juu ya kinu, akapaza sauti: "Jamani! Sikilizeni! Mwaka huu Nyumba Mama na tanzu zake zote imepata faida ya vikapu arobaini!"

Vigelegele! Kiboko akapiga makofi. Nyani akapiga ngoma, du du du! Kila mmoja akampongeza mwenzake. Bi Nguchiro hakupongezwa na mtu, maana alikuwa amekaa nyuma ya Kiboko na hakuna aliyemwona.

Kelele zilipotulia, akajipenyeza mpaka mbele.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri. Mwakani ufanye vizuri zaidi."

"Mzee, nina neno. Magogo ya bomba yamezeeka. Yameoza. Nikiyagusa yananiachia unga mkononi. Nungunungu, yule fundi seremala, anaweza kutengeneza mapya kwa vikapu kumi. Naomba katika hivi arobaini, nibakiziwe kumi."

Fisi akacheka, "Hi hi hiii! Mzee, umesikia? Ameleta kwa mkono wa kulia, anataka kuondoka navyo kwa mkono wa kushoto!"

"Si kwa ajili yangu. Ni kwa ajili ya bomba."

Mzee Tembo akainua mkonga kama anayetaka kusema jambo la kukumbukwa. Akasema, "Bi Nguchiro, mtoto mwema huleta, haombi."

"Lo! Maneno hayo!" akasema Kiboko.

"Yaandikwe kwenye ngoma!" akasema Nyani.

"Na mimi naongeza," akasema Fisi. "Kama ameleta arobaini na magogo mabovu, basi mwakani alete sitini. Akishindwa, utanzu wa maji nipewe mimi. Mimi nina meno, mtu asiyetoa mtama nitamtolea meno."

Mzee Tembo akafikiri kidogo, akaitikia kwa kichwa. "Sitini. Imepita."

Bi Nguchiro akarudi nyumbani taratibu, na mnajua yule si mtu wa kwenda taratibu.

Kiangazi kikaingia. Jua likawa kali, magogo yakapasuka. Leo ufa hapa, kesho ufa pale. Bi Nguchiro akaziba kwa udongo wa mfinyanzi. Ukabanduka. Akaziba kwa magome ya mgomba. Yakaoza. Siku moja akaziba kwa kanga yake ya kujifunga, ile nzuri ya kwendea harusini. Maji yakapita katikati ya maua.

Halafu ikaja siku ambayo gogo la katikati lilishuka, kacha! Siku mbili kijiji kizima hakikupata maji, mpaka Bi Nguchiro alipoliegemeza kwa mawe.

Siku ya tatu, mlango wake ukagongwa. Ngo! Ngo! Ngo! Haikuwa hodi ya salamu, ilikuwa hodi ya ugomvi.

Alikuwa jirani yake, Bi Kanga. Bi Kanga ndege, si ile kanga ya kujifunga. Akageuka, akaonyesha nyuma.

"Mama weee! Shoga, mkia wako uko wapi?"

"Muulize Mamba!" Bi Kanga akafoka. "Siku mbili maji hakuna, watoto wangu kumi na wawili wanalia kiu. Nikaenda mtoni. Nimeinama tu nichote, nikasikia nyuma ngwaa! Kama si miguu yangu, ningekuwa ndani ya tumbo lake saa hizi. Kila gulio nakupa kibaba cha mtama, Bi Nguchiro. Kila gulio! Sasa niambie, nimelipia nini? Unakula mtama wangu, unaninywesha maneno?"

Bi Nguchiro akafungua mlango wote. "Ingia uangalie."

Bi Kanga akaingia. Chungu kilikuwa kimefunikwa, akakifunua. Ndani mlikuwa na panzi watatu na chumvi.

"Mtama wako sikuula mimi," Bi Nguchiro akasema. "Umepanda wote Nyumba Mama. Niliomba vikapu kumi vya kutengenezea bomba, nikaambiwa mtoto mwema huleta, haombi." Akapangusa macho na pua. Akajifanya kapatwa na mafua.

Bi Kanga akaufunika mkia wake uliobaki kwa ubawa, akakaa chini. Hasira zilikuwa zimemtoka.

"Basi twende tukalione hilo bomba lako," akasema. "Mimi nina mdomo, naweza kutoa majani."

Wakaenda mpaka pangoni. Mwanzo wa bomba palikuwa na kilango cha ubao. Ukikishusha, maji yanasimama nyuma yake pangoni, na bomba linakauka. Bi Nguchiro akakishusha, akaingia ndani ya gogo la kwanza kutazama kama kuna majani. Bi Kanga akabaki nje, karibu na ufa mkubwa uliokuwa ubavuni mwa gogo hilo, umefunguka kama mdomo.

Bi Nguchiro akaita kutoka ndani, "Shoga, upo?"

Lakini kilichotoka kwenye ufa hakikuwa sauti ya nguchiro. Kilikuwa ngurumo.

"SHOOOGAAA, UPOOOO?"

Bi Kanga akaruka juu, akaangukia mgongo, miguu ikatazama mbinguni. "Nimekufa! Watoto wangu nani atawalea!"

Bi Nguchiro akatoka mbio. "Kuna nini?"

"Kuna mtu humo! Mkubwa! Ana sauti kama ya kilima!"

"Humo nilikuwamo mimi."

Wakatazamana. Wakatazama gogo. Wakatazamana tena. Na pale, wanangu, kwa mara ya kwanza tangu sherehe ya gawio, mkia wa Bi Nguchiro ukasimama wima.

"Shoga," akasema, "unajua kunyamaza?"

"Sijawahi kujaribu."

"Leo utajaribu."

Siku ya gulio, asubuhi, kijiji kizima kilikuta bomba limekauka. Ndoo zimepangwa, vibuyu vimepangwa, tone hakuna. Mzee Tembo mwenyewe alikuwa amekwisha kujipaka matope akisubiri kuoga, na matope yakaanza kumkaukia. Akawa kama ukuta mpya.

Bi Nguchiro akaingia Nyumba Mama mbio, anahema.

"Shikamoo, Mzee! Kumezuka jambo!"

"Marahaba. Jambo la kwanza, maji yangu yako wapi?"

"Ndilo hilo jambo, Mzee. Chemchemi ina mwenyewe."

"Mwenyewe ni mimi!"

"Nilimwambia hivyo hivyo. Akacheka. Yuko ndani ya mawe, Mzee, sikumwona, nimesikia sauti tu. Anasema ameyafunga maji. Anauliza, ni nani huyo anayekula mtama wa maji yake miaka yote hii, wala hajawahi kumletea hata punje? Anasema atazungumza na mkubwa tu. Mimi kanifukuza, kaniita kijukuu."

Fisi akakunja uso. "Mzee, huyu mwongo."

"Huenda," akasema Bi Nguchiro. "Basi nenda wewe, Bwana Fisi, ukamwambie huyo aliye ndani kwamba hayupo."

Fisi akakumbuka kwamba goti lilikuwa likimwuma.

"Tutakwenda wote," akasema Mzee Tembo, na matope yakampasuka shavuni.

"Nitangulie kufagia njia," akasema Bi Nguchiro. Fyuu! Akapotea.

Jua la saa sita lilikuwa utosini walipofika. Mzee Tembo mbele, Fisi nyuma ya mguu wa Mzee Tembo, Kiboko, Nyani, na nusu ya gulio na ndoo zao. Bi Kanga alikuwa amekaa juu ya jiwe, amebana mdomo kwa mabawa yote mawili.

"Bi Nguchiro yuko wapi?" akauliza Mzee Tembo.

Bi Kanga akatikisa kichwa. Alikuwa anajaribu kunyamaza, na alikuwa karibu kupasuka.

Mara sauti ikatoka ndani ya gogo:

"NAAANI ANAKANYAGA DARI LANGU?"

Ndoo zikaanguka, kwa kwa kwa! Kiboko akatafuta pa kujificha, asipate, maana hapana pa kumfichia kiboko.

Mzee Tembo akakohoa. "Ni mimi, Tembo. Mwenye Nyumba Mama."

"MAMA WA NAAANI?"

"Wa... wa shamba la miwa, na ngoma, na maji."

"MAJI! MAGOGO NI YA NANI?"

"Ni yangu. Niliyaangusha mwenyewe."

"NA MAJI YALIYOMO, ULIYAANGUSHA WEWE?"

Mzee Tembo akainamisha kichwa. Masikio yake makubwa yakalala.

"BASI WEWE NI UTANZU WANGU. WEWE NI MTOTO KWANGU. GAWIO LANGU LIKO WAPI?"

Kwa nyuma mtu mmoja akacheka "khii!" akajifanya anapiga chafya. Kumwona Mzee Tembo anaitwa mtoto si jambo la kila siku.

"Mzee wangu," akasema Mzee Tembo, na sauti yake ilikuwa imepungua nusu, "sikujua. Utataka kiasi gani?"

"VIKAPU VYOTE AROBAINI. NA MIWA YOTE. NA NGOMA ZOTE."

"Ngoma!" akalia Nyani.

"Miwa!" akalia Kiboko.

"Vyote?" akauliza Mzee Tembo. "Mzee wangu, ukichukua vyote mimi nitabaki na nini? Ghala langu linavuja. Uzio umeanguka. Naomba unibakizie kidogo tu cha kutengenezea nyumba."

Kisha polepole, kila neno likatoka limenenepa:

"MTOTO... MWEMA... HULETA... HAOMBI."

Hapo masikio ya Mzee Tembo yakainuka. Sijui aliyatambua maneno yake au hakuyatambua. Wengine wanasema aliyatambua, lakini yalikuwa yamegeuka sura kwa sababu safari hii yalikuwa yanamjia yeye. Akapiga goti moja, puu! Vumbi likapaa.

"Hapana, Mzee wangu," akasema. "Nisikilize. Mtoto asipobakiziwa kitu, mwakani atakuletea nini? Utakula gawio mwaka huu, na mwaka ujao utakula mikono yako."

"SEMA TENA. WALE WENYE NDOO KULE NYUMA HAWAJASIKIA."

Mzee Tembo akasema tena, kwa sauti, na wenye ndoo wakasikia.

"KWA HIYO MTOTO ABAKIZIWE KIASI GANI?"

"Labda," akasema Mzee Tembo, "katika kila vikapu vinne, abakiziwe kimoja."

Fisi hakuweza kuvumilia. Akachomoza kichwa kutoka nyuma ya mguu. "Mzee, unauza nini wewe! Mbona unajipunja! Sema nusu! Nusu kwa nusu!"

"Nusu, basi!" akasema Mzee Tembo. "Katika kila vikapu viwili, mtoto abaki na kimoja."

"NA HIYO IWE SHERIA KWA KILA MZAZI NA KILA UTANZU?"

"Iwe."

"INUA MKONGA, UAPE."

Mzee Tembo akainua mkonga mbele ya gulio zima. "Naapa. Nusu iende kwa mama, nusu ibaki kwa mtoto, itengeneze kilichoharibika."

Wanangu, hapo ndipo Bi Nguchiro alipopaswa kusema kwaherini, akatoka kwa nyuma, akafungua maji, mambo yakaisha. Mtu mwenye akili huondoka chakula kikiwa bado kitamu. Lakini alikuwa amenyamazishwa tangu siku ya gawio, na sasa ana sauti ya kilima. Mngekuwa nyinyi mngeiacha?

"NA SASA," likasema gogo, "FISI ACHEZE."

"Mimi?" akasema Fisi. "Goti langu..."

"ACHEZEEE!"

Nyani akapiga ngoma bila kuambiwa. Fisi akacheza. Akaenda kulia, akaenda kushoto, akatikisa kiuno kisichotikisika. Watu wakashika mbavu. Ndani ya gogo nako, kitu kikaanza kucheka. Kikacheka, kikagaragara, kikapiga teke kuta za gogo.

Na nyuma ya kilango cha ubao, maji ya asubuhi nzima yalikuwa yamejikusanya, yamepanda, yanasubiri.

Tii, kilango kikalia. Tii, tii.

Bi Kanga akaona. Akaachia mdomo. "Shoga, toka! Maji hayo!"

Kacha! Kilango kikang'oka. Vuuuu! Maji yakaingia gogoni. Gogo lililooza likapasuka palepale kwenye ufa, pwaaa! Na katikati ya maji, akatoka Bi Nguchiro kama mbegu ya limau inayominywa. Akaangukia mbele ya miguu ya Mzee Tembo. Chubwi! Amelowa, na jani moja limemkaa kichwani kama kofia.

Ngoma ikakoma.

Hata Fisi aliacha kucheza, mguu mmoja ukiwa bado juu.

Mzee Tembo akatazama chini. Akatazama sana. Kisha akainua mguu wa mbele, ule mguu mpana kama kinu, ukasimama juu ya kichwa cha Bi Nguchiro, na kivuli chake kikamfunika mwili mzima.

"Umenidanganya," akasema.

"Mkanyage, Mzee!" akasema Fisi. "Mkanyage, utanzu nipe mimi!"

Bi Nguchiro alikuwa anatetemeka mpaka ncha za masharubu. Hakukimbia. Nadhani miguu ilikataa. Mwenyewe baadaye alisema ni ushujaa.

"Sauti nimekudanganya, Mzee," akasema. "Maneno hapana. Niliuliza tu mtoto abakiziwe nini. Aliyejibu ni wewe."

"Na tumesikia," akasema Bi Kanga, akashuka jiweni na mkia wake uliokatika. "Mimi nimesikia mara mbili."

"Sisi pia!" wakasema wenye ndoo.

Mguu ukabaki juu. Mzee Tembo akapeleka mkonga kwenye gogo lililovunjika, akakamata kipande. Kipande kikamsagikia, kikawa unga. Akakamata kingine. Unga. Akatazama maji yakimwagika korongoni, maji yote, maji ya kijiji kizima, yanakwenda kwa nyoka na mijusi. Upande wa pili watoto wa Bi Kanga walikuwa wamejipanga ukingoni, kumi na wawili, midomo wazi.

Mguu ukashuka polepole. Ukashuka pembeni.

"Ni magogo mangapi yako hivi?" akauliza.

"Yote, Mzee."

"Na wewe umekuwa ukiyaziba kwa nini?"

"Kwa udongo. Na kwa magome. Na kwa kanga yangu ya harusini."

Mzee Tembo akautupa unga ule. Wakati huohuo magogo ya korongoni, yaliyopoteza ndugu yao wa kwanza, yakaanza kuinama. Kriii! Bomba zima lilikuwa linaanguka.

"Nungunungu aitwe!" akapiga kelele Bi Nguchiro. "Likianguka lote, tutakaa bila maji mpaka masika!"

"Fisi!" Mzee Tembo akanguruma. "Kamwite fundi! Vikapu kumi vitoke ghalani sasa hivi!"

"Goti..."

"FISI!"

Fisi akaondoka na goti lake, na vumbi likamfuata.

Ndipo Mzee Tembo akateremka korongoni, akaingia chini ya bomba, akaliinua kwa mgongo. Mkonga akaunyoosha mpaka pale palipovunjika, akauzungusha, akakaza. Maji yakayumba, yakasita, kisha chururu... chururu... yakavuka. Ng'ambo ya pili, vifaranga kumi na viwili vikapiga kelele, mara vikanyamaza, maana vilikuwa vinakunywa.

"Mzee, umechoka?" akauliza Bi Nguchiro baada ya muda, amekaa ukingoni anakausha mkia.

"Sijachoka," akasema Mzee Tembo. Tone likamdondokea jichoni. "Huyo fundi anakaa mbali?"

"Mbali kidogo."

"Huwa kila siku unashinda huku?"

"Kila siku, Mzee."

Mzee Tembo akavuta pumzi ndefu, na bomba lote likapanda na kushuka. "Mimi nimesimama tangu adhuhuri tu, na mgongo unaniambia mambo ambayo masikio yangu hayakutaka kuyasikia."

Nungunungu alifika alasiri na shoka lake na vijana wake. Mpaka jua linazama, Mzee Tembo alikuwa bado amesimama pale, akipokea salamu za watu waliopita na ndoo zilizojaa. "Pole na kazi, Mzee!" "Asante." "Pole na kazi, Mzee!" "Asante, asante, songeni mbele."

Magogo mapya yaliwekwa, na kilango kikawa cha ubao mgumu wa mninga. Mavuno yaliyofuata Bi Nguchiro alipeleka Nyumba Mama vikapu ishirini na tano, akabaki na ishirini na tano. Fisi alinung'unika kwamba gawio limepungua. Mwaka wa tatu vijiji viwili vingine viliomba kuunganishwa bomba, na nusu ya Nyumba Mama peke yake ikawa vikapu hamsini, Fisi akasema yeye ndiye aliyeshauri nusu kwa nusu tangu mwanzo. Na kwa hilo, wanangu, hakusema uongo.

Basi shikeni hili, mwende nalo: mzazi anayekula faida yote ya mwanawe, kesho atambebea mzigo wake mgongoni.